Mlango wa Mama Koinet

Siku niliyokabidhi tupa na nyundo zangu, nyinyi vijana wa karakana mlinikatia keki, mkapiga makofi, halafu mmoja wenu akaniuliza mbele ya watu wote: "Mzee Barasa, miaka hiyo yote, ni kitu gani kilikushangaza zaidi?" Nikasimama pale na keki mkononi kama bwana harusi aliyesahau jina la bibi yake. Nikasema Mungu awabariki, nikaketi. Sasa niko nyumbani, mama watoto amechoka kunisikiliza, nimeona heri niandike. Masomo yangu yaliishia darasa la nne huko Bungoma, kwa hivyo mkiona maneno yamepotea njia, yangojeeni, yatarudi.

Mambo ya vyeo na mshahara sitagusa. Siyafichi, ni kwamba hayana hadithi. Nitaanza na siku ya kwanza.

Nilikuwa fundi wa viatu kando ya barabara ya Namanga, hapo Kitengela, mahali ambapo siku hizi kuna duka la simu. Nilikuwa na sindano, gundi, mwavuli na mdomo. Siku moja mzee wa Kikamba akaja na mkanda wa ngozi uliokatika, mpana, wenye matundu ya ajabu. Akasema nishone. Nikashona. Akauvuta kwa mguu na mikono yote miwili, haukukatika. Akauliza, "Wewe unajua huu ni wa nini?" Nikasema, "Punda?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Huyo ndiye alikuwa Mutiso, aliyekuwa akitengeneza miguu ya bandia katika ile karakana ya kanisa, na kesho yake nilikuwa mfanyakazi wake.

Nilidhani atanipa meza na sindano. Alinikunja goti la kushoto, akalifunga kwa mikanda juu ya gongo la mti lenye kikalio cha ngozi, akaniambia, "Sasa vuka barabara utuletee mandazi." Nikamwambia, "Mzee, mimi niliitwa kushona." Akasema, "Ndiyo. Na utashona. Lakini kwanza ubebe." Nikavuka. Malori ya simiti yalinipigia honi, akina mama wa sokoni wakanionea huruma, mmoja akaniongezea andazi la bure. Nilirudi jasho likinitoka mpaka kwenye soksi, na mahali mkanda uliponikata ndipo nilipoelewa kwa nini mkanda wa mguu haushonwi kama wa punda. Mutiso alikula mandazi yake bila haraka. "Gongo haliulizwi linakwenda wapi," akasema. "Mguu huulizwa."

Maneno hayo niliyabeba miaka mingi bila kuyaelewa vizuri. Lakini hiyo inakuja.

Mutiso alichonga nyayo za mti kwa patasi jinsi watu wa kwao wanavyochonga twiga wa kuuzia wazungu, na kusema ukweli wayo wake ulikuwa mzuri kuliko wangu huu niliozaliwa nao. Alinifundisha kufunga kigutu, yaani ile sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa, kwa bandeji ya plasta, kuifinya kwa vidole ikiwa bado laini, na kutoa umbo lake. Kutoka kwenye umbo hilo tunatengeneza kikombe cha plastiki, na kikombe ndicho kinachoshika kigutu. Mkifinya vibaya, mtu atatembea siku moja na kulala wiki. Alinifundisha kupitisha kiganja ndani ya kikombe nikiwa nimefumba macho. Macho ni waongo, alisema, kiganja hakina sababu ya kukudanganya. Mutiso alikufa kabla sijamaliza kumuuliza maswali. Tulimzika Machakos, mvua ikanyesha, na mchungaji akahubiri kuhusu kitu kingine kabisa.

Sasa nitawaambia kitu kimoja ambacho hakuna aliyenifundisha. Mtu aliyekaa miezi mingi kitandani au kwenye kiti cha magurudumu, ukimsimamisha mara ya kwanza kati ya yale mabomba mawili ya kushikilia, wewe fundi unaangalia mguu. Yeye haangalii mguu. Anaangalia dirisha. Kila mmoja, nawaapia, mzee wa sukari, kijana wa bodaboda, mama aliyeanguka kisimani. Wanaangalia nje kwa sababu dirisha limeshuka likawa mbele ya macho yao, mahali lilipokuwa zamani. Wamepata urefu wao. Wengine wanacheka, wengine wananyamaza. Mimi kila mara nilijifanya ninatafuta bisibisi chini ya meza. Hicho kitu sikukizoea mpaka siku ya keki.

Kisha wanajeshi wakaanza kuja, miaka ile walipokuwa wakirudi kutoka Somalia. Miguu ya kwanza walikuwa wamepewa kwingine, sisi tulikuwa wa kurekebisha, kwa sababu walikaa karibu, Kitengela, Isinya, wengine mpaka Rongai. Walikuwa vijana. Walifika mapema kuliko mlinzi wetu. Walikunja suruali vizuri kabla ya kuniwekea kigutu mezani, kama mtu anayetandika kitanda cha ukaguzi. Na walitaka waambiwe la kufanya.

Hapo ndipo Madam Achieng alipata watu wake. Achieng ndiye alikuwa daktari wetu wa mazoezi, mama mfupi kutoka Siaya, sauti yake ilikuwa inautangulia mwili. Raia walimwogopa. Wanajeshi walimpenda mara moja. "Wewe! Nyonga mbele! Unatembea ama unaomba msamaha?" Wakaanza kumwita Afande. Alijifanya hapendi.

Mmoja wao alikuwa Koinet. Mmaasai, mrefu, mwembamba, hajaoa, mguu wa kushoto umekatwa juu ya goti. Juu ya goti ni kazi nyingine kabisa, vijana, msidanganywe na mtu. Aliyekatwa chini ya goti umempa mguu, aliyekatwa juu ya goti lazima umpe na goti. Siku hizo goti letu lilikuwa la kufuli: ukisimama linajifunga, mguu unakuwa kama nguzo, ukitaka kukaa unavuta kijiti kidogo kando ya paja, linafunguka. Ukivuta kabla ya wakati wake, unakaa mahali usipopanga.

Nilikuwa nampima aliponiuliza, "Mzee, huu mguu unaweza kunifikisha kwa mama?"

"Kwa mama ni wapi?"

"Kupita Bisil. Unaacha lami upande wa kulia."

"Huu utakufikisha Tanzania ukitaka."

"Sitaki Tanzania. Nataka kulala."

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Hakucheka. Aliniambia kwamba tangu arudi hajalala usingizi wa kweli. Alikuwa amepanga chumba cha mabati hapo nyuma ya kichinjio. Jua likipiga mabati yanalia pa, pa. Likitua yakianza kupoa, yanalia tena. "Ninajua ni mabati," akasema. "Kichwa kinajua. Lakini ninajikuta chini ya kitanda kabla kichwa hakijafika." Mvua, hata tusiseme. Lakini nyumba ya mama yake ilikuwa ile ya zamani, ya fito na udongo na samadi, iliyojengwa na mama mwenyewe. Ndani yake mvua haina sauti. Unasikia ndama tu wakitafuna. Kaka yake alikuwa amemjengea mama nyumba nzuri ya mabati, mama akashukuru sana, akaweka humo mahindi na mbuzi wagonjwa.

"Basi si uende tu?" nikamuuliza. "Si ni mama yako?"

"Nitaenda nikitembea," akasema. "Nilitoka kwa miguu yangu. Ndugu zangu wadogo waliniona nikitoka."

Basi tukajua kazi ni nini. Achieng alimfanyisha mazoezi mpaka sakafu yetu ikabadilika rangi. Alimpandisha ngazi za kanisa, akamshusha, akampandisha tena wakati wa ibada ya akina mama, wakamwombea kwa sauti bila yeye kuomba. Alimvusha barabara ya Namanga mimi nikiwa mbele ninasimamisha malori kwa mkono, nikikumbuka mandazi. Siku aliyopanda ngazi akiwa amebeba debe la maji, Achieng alisema, "Huyu amemaliza. Tunampeleka sisi wenyewe." Hiyo haikuwa desturi yetu. Desturi ilikuwa mtu akishatembea, tunamshika mkono, tunamwambia asiloweshe kikombe, kwaheri.

Achieng aliendesha ile pikapu ya karakana, mimi nikakaa katikati, Koinet mlangoni, amevaa buti alilolipiga rangi likawa kioo. Tulipita Kajiado, tukapita Bisil, tukaacha lami. Boma zima lilikuwa nje. Akina mama waliimba. Watoto walikuja mmoja mmoja kuinamisha vichwa, na mimi mtu wa Bungoma nikagusa vichwa mpaka kiganja kikachoka. Baba yake, mzee wa blanketi jekundu, alisimama kando akiegemea fimbo. Mama yake alikuwa mlangoni kwake. Mwanamke mdogo wa mwili. Nilishangaa urefu ule wote ulitoka wapi.

"Takwenya, yeyo," Koinet akamwamkia.

"Iko," mama akaitika, na akaingia ndani, maana mgeni wake atakaribishwa ndani.

Koinet akatembea. Mawe, samadi, miiba, vyote alivipita, nyonga mbele, jinsi alivyofundishwa. Achieng alinishika mkono akanifinya mpaka nikaumia. Kisha akafika mlangoni.

Nitawaeleza ule mlango, kwa sababu wengi wenu ni watu wa nyumba za kupanga. Kwanza ni mfupi. Hata mama yake aliinama. Pili, hauingii moja kwa moja. Unaingia, unapita njia nyembamba kando ya ukuta, pembeni mna mahali pa ndama, halafu unakata kona, ndipo unafika kwenye moto na vitanda. Wanasema ulijengwa hivyo zamani ili adui asiweze kuingia na mkuki ulionyooka. Basi mguu wetu ulikuwa umenyooka kuliko mkuki.

Koinet aliinama. Mguu wa kufuli ukabaki nyuma kama fimbo ya mchungaji. Akasukuma, ukakwama kwenye fito. Akarudi, akautanguliza mbele, ukagonga ukuta wa ndama, ndama akalia. Nyimbo zilikuwa zinaendelea, lakini chini chini. Akavuta kijiti, goti likafunguka, na akaanguka pale pale, nusu mtu ndani, nusu nje. Buti lake linalong'aa lilikuwa limelala kwenye vumbi, ncha yake imeangalia upande usio wake. Nyimbo zikakatika.

Kaka yake alikuja kumvuta. "Niache," tukamsikia Koinet akisema ndani. Mama yake akasema kitu kwa Kimaasai, na baadaye nilielezwa: "Tambaa tu, mwanangu. Ulitambaa hapa ukiwa mtoto, nani alikucheka?"

Hakutambaa. Alijitoa nje kinyumenyume, akasimama kwa kushika fito, akafuta buti kwa kiganja, akatembea mpaka kwenye pikapu. Kutembea kwenyewe kulikuwa kuzuri ajabu, na hiyo ndiyo ilituuma. Aliingia, akafunga mlango, akaangalia mbele.

Tulirudi mpaka Kajiado. Hapo Achieng alisimamisha gari tunywe chai, Koinet akakataa kushuka. Achieng alikoroga chai isiyo na sukari. "Barasa," akaniambia, "tumemfundisha ngazi. Mama yake ana ngazi?"

"Hana."

"Nimekwenda shule miaka mingapi, na sikuuliza mlango." Hakusema kwa kujipiga kifua wala kwa kulia. Alisema kama mtu anayesoma kipimo.

Kesho yake Koinet alifika mapema, kabla ya mlinzi, kama kawaida. Alikuwa na magongo ya kwapani. Aliweka mguu juu ya meza yangu, buti na soksi na yote. "Rudisheni huu, mpeni mtu mwingine," akasema. Nikamwambia kikombe hiki kina umbo lake peke yake, hakuna mtu mwingine duniani anaweza kukivaa. "Basi wekeni ukutani," akasema, akaenda zake. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa na moshi. Niliogopa, vijana. Tulikuwa tumeshapoteza mmoja kabla yake, aliyechoka namna hiyo hiyo, na sitaandika zaidi ya hapo.

Sasa mambo yaliyofuata sikuyapanga mimi, wala Achieng, wala kanisa.

Ilikuwa siku ya soko la mbuzi. Lori la mbuzi lililokuwa likienda kichinjioni likasimama mbele ya lango letu, na kutoka katikati ya mbuzi wakashuka akina mama wa Kimaasai, shanga zote shingoni, mbele yao yule mwanamke mdogo wa mwili, mama yake Koinet. Wakaanza kushusha fito. Mlinzi wetu akawakimbilia.

"Mama, mnafanya nini hapa?"

"Tunajenga."

"Mnajenga nini?"

"Nyumba. Kwani kwenu hakujengwi?"

"Mko na ruhusa?"

Wakatafsiriana. Wakacheka sana. Mmoja akamwambia, "Kijana, nyumba ni ya wanawake. Ruhusa tunaomba nani? Wewe?" Mlinzi akaenda kumwita mchungaji msimamizi. Mchungaji akatoka, akaangalia fito, akamwangalia mama, akarudi ndani. Nilifikiri anapiga simu polisi. Akatoka na birika la chai.

Walipima ardhi kwa hatua na kwa mikono iliyokunjuliwa. Walichimba mashimo kwa panga. Samadi ikatoka kwa jirani mwenye ng'ombe, na mimi, kwa kuwa Bungoma pia tunasiriba nyumba kwa samadi, nikavua koti nikaingia. Walinisahihisha mkono mara nyingi. Fundi mzima. Nyuma ya ua malori ya Namanga yalikuwa yanapiga honi, na ndani ya ua nyumba ilikuwa inainuka, ile ile, mlango ule ule mfupi, njia ile ile nyembamba, kona ile ile. Mama Koinet alikuwa ameibeba kichwani kutoka kupita Bisil bila kipimo kimoja cha karatasi. Udongo ulipoanza kukauka alikuja Achieng na koti lake jeupe, akaingia kwanza yeye. Tukamsikia akigonga kichwa, tukamsikia akitaja jina la Bwana, na haikuwa kwa ibada. Alitoka koti likiwa la kijani kwa samadi, akaketi chini karibu na mama. Mama mmoja aliyesoma akawa mkalimani.

"Mwambie nimejaribu mguu ukiwa mbele, nimejaribu ukiwa nyuma. Kona inakataa," Achieng akamwambia.

Mama Koinet akasikiliza. Kisha akasimama, akachukua blanketi, akalikunja, akalifunga tumboni chini ya shuka. Wale wengine wakaanza kucheka na kupiga makofi, maana walishajua. Akaenda mlangoni akiwa mjamzito wa blanketi. Hakuingia kwa kichwa. Aligeuza mgongo. Akauegemeza ukutani, akashusha makalio kama mtu anayetaka kukalia kigoda, mkono mmoja juu kwenye fito, na akateleza kwa ubavu, hatua ndogo ndogo, tumbo likiwa limeangalia nafasi. Kwenye kona hakugeuka, alizunguka tu kwa kisigino kimoja, mwili ukafuata, akapotea. Sauti yake ikatoka ndani, mkalimani akatuambia: "Anasema, hivi ndivyo alivyoingia miezi yake ya mwisho, akiwa amembeba huyu huyu. Na alikuwa mtoto mrefu hata huko."

Achieng aliweka mikono kichwani. Nikamwona anahesabu viungo hewani kwa vidole: nyonga, goti, kisigino. "Mguu mzima utangulie," akasema. "Mgongo ndio mguu wa tatu. Wa bandia ukiwa umefungwa mpaka kwenye kona, hapo ndipo afungue. Barasa! Hicho kijiti kiko wapi?"

"Nje ya paja."

"Mgongo ukiwa ukutani atakifikiaje?"

Ukweli asingekifikia. Nikachukua ule mguu ukutani, nikahamisha kijiti kutoka nje kuja mbele, mahali mkono wa kulia unakifikia bila kuangalia. Kazi ya nusu siku. Nilitumia kamba ya breki ya baiskeli, kama mlivyonikuta nikifanya, na sasa mnajua ilianzia wapi.

Aliyekwenda kumwita Koinet ni mama yake. Sijui walizungumza nini huko chumbani kwake. Alikuja kwa magongo yake, akaingia langoni, na akasimama. Aliiona nyumba ya mama yake imekaa katikati ya ua wa karakana, kati ya tangi la maji na vyuma chakavu. Mlinzi aliyekuwa anataka ruhusa ndiye alikwenda akamletea mguu, akiwa ameukumbatia kama mtoto.

"Ero, Koinet," mama mmoja akamtania, "leo tunakufundisha kuzaa!"

Akatabasamu. Kidogo, lakini niliona.

Hakuweza siku hiyo. Wala kesho yake. Alianguka kwenye kona mpaka samadi ikabanduka, tukasiriba tena. Achieng alikaa ndani gizani akipiga kelele, "Kisigino! Kisigino, afande!" naye akijibu kutoka kwenye njia ya ndama, "Yes, afande!" Na siku moja hatukusikia kitu. Hakuna kuanguka, hakuna kelele. Achieng akatoka peke yake, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo: "Yuko ndani. Amekaa kitandani."

Nyumba hiyo mliikuta, na wengine wenu mlifikiri ni ya kuweka kuni. Baada ya Koinet, kila mwanajeshi aliyekuja tulimwuliza kabla ya kumpima: mlango wa kwenu uko vipi? Mmoja wa Budalang'i akasema kwao, kwa sababu ya mafuriko, mlango ni mtumbwi. Mmoja wa Kisii akasema nyumba ni sawa, tatizo ni mteremko wa kwenda chooni. Tukaleta mawe, tukajenga mteremko. Mchungaji alilalamika kwamba ua umekuwa kama maonyesho ya kilimo, halafu akawa anawaleta wageni waone. Hapo ndipo niliyaelewa maneno ya Mutiso, kwamba mguu huulizwa unakwenda wapi.

Tulimrudisha Koinet asubuhi yenye baridi, mawingu yamekaa chini. Safari hii hakukuwa na nyimbo. Mama yake alikuwa amewakataza. Watu walisimama mbali wakijifanya wana kazi, mmoja anafunga mlango wa mbuzi ambao tayari umefungwa. Baba yake alikuwa pale pale, na fimbo yake. Koinet alikwenda mlangoni, akageuza mgongo kwa boma zima, akauegemeza kwenye udongo, akashusha makalio. Wazee waliona mwanajeshi mrefu, mtu wa vita, akiingia nyumbani kama mwanamke mwenye mimba, na hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivua kofia. Mkono wa Koinet ulibaki kidogo kwenye fito. Kisha nao ukaingia.

Tukangoja kwenye kona. Namaanisha masikio yetu ndiyo yalikuwa kwenye kona. Tukasikia kijiti kikilia, tik. Hatukusikia kuanguka.

Achieng alitaka kumwona akitoka pia, maana kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Tukangoja. Chai ikaletwa, ikanywewa. Jua likatoboa mawingu, ile nyumba ya kaka ya mabati ikaanza kulia, pa, pa, nikashtuka nikaangalia mlango. Kimya. Achieng akasema, "Nenda uulize." Nikamwambia, "Nenda wewe, ni nyumba ya wanawake." Kabla hajaenda, kichwa cha Mama Koinet kikatokea chini mlangoni. Akaweka kidole mdomoni.

"Amelala," akasema kwa Kiswahili, pengine ndilo neno alilokuwa ameomba afundishwe siku zile za kujenga. "Nendeni. Amelala."

Sikuwahi kuona watu wengi wakinyamaza kwa pamoja hivyo, hata mazishini. Akina mama walishika shanga zao kifuani zisigongane. Vijana waliwasukuma ng'ombe mbali na ukuta kwa viganja, bila kupiga mluzi. Achieng alivua viatu, akatembea kwenye miiba na soksi mpaka kwenye pikapu, akaingia, akashika ufunguo, halafu akaniangalia, na mimi nikamwangalia. Ile injini mnaijua. Inaamsha Isinya nzima.

Yule mzee wa blanketi jekundu aliona. Aliweka fimbo yake nyuma ya gari, akakunja blanketi begani, akaweka mikono yote miwili kwenye bodi. Wazee wenzake wakaja. Hakuna aliyetoa amri. Wakatusukuma, shuka zikipepea, viatu vya tairi vikikanyaga vumbi polepole, tukateremka kuelekea barabarani bila sauti isipokuwa mawe madogo chini ya magurudumu. Walipotuachia, gari likaendelea lenyewe. Nikageuka kuangalia nyuma. Mzee alikuwa amesimama katikati ya njia ameinua mkono, na mimi nikainua wangu kumpa kwaheri, mpaka nilipoona hanipungii. Alikuwa ananyoosha kiganja chini, chini, akitwambia tusiwashe bado.